Pale Aliponyamaza Baba

Hapa Tabora kila mwanamume aliyewahi kushika gita anadai kwamba jazi ilianzia kwake. Ukikaa sokoni asubuhi moja tu utakutana na waanzilishi watano, na kila mmoja ana mashahidi. Sibishani nao. Nimezeeka, na kubishana na mtu aliyefunga tai saa nne asubuhi kunanichosha. Ninachokijua ni habari ya mdogo wangu Hilari, mwana wa Masolwa, aliyepiga tarumbeta pale Ipuli, kando ya mji, wakati wa Mwingereza, na namna alivyoacha kuipiga. Naieleza mimi, dada yake Apolinaria, kwa sababu sehemu kubwa ya kosa ni yangu.

Nilimtangulia Hilari kwa miaka mitatu. Mama yetu, Katarina, alikuwa mtu wa kanisa. Baba hakuwa mtu wa kanisa wala wa msikiti. Alikuwa mtu wa jembe, na kabla ya jembe alikuwa mpagazi. Enzi za Mjerumani, reli ilipokuwa haijafika, vijana wa Kinyamwezi walibeba nta na pembe mabegani mpaka pwani, wakarudi na vitambaa, na kijana ambaye hajaiona pwani hakupata mchumba wa maana. Baba alikuwa na sugu kwenye bega la kushoto, nyeusi na ngumu, ukubwa wa kiazi. Tulipokuwa wadogo tulidhani kila baba anayo.

Mama alimpeleka Hilari misheni, na misheni walikuwa na bendi ya tarumbeta ya kuongoza maandamano ya Ekaristi. Bruda aliyefundisha alikuwa mkali, anayekosea alipigwa fimbo vidoleni, lakini Hilari alipenda hata hizo fimbo. Kile kipande cha kutia mdomoni alikiondoa kwenye tarumbeta akatembea nacho mfukoni, akikipuliza njiani mpaka mbuzi wa watu wakakata kamba. Alipofikisha miaka kumi na saba alikuwa akipiga nyimbo za Pasaka na wanawake wanasahau kuitikia. Baba hakwenda kumsikia hata mara moja. Akiulizwa alisema, "Hayo madebe yenu nayasikia kutoka hapa hapa."

Hilari alicheka, lakini mimi nilimjua. Alitaka kitu kimoja tu: baba aje, akae kitini, amsikilize mpaka mwisho. Alilitaka hilo akiwa mtoto na aliendelea kulitaka alipoota ndevu. Sijaona mtu aliyetaka kitu kidogo hivyo kwa muda mrefu hivyo.

Vita ya pili ilipokuja alichukuliwa Keya, jeshi la Mwingereza, akapelekwa Burma. Mama alifariki Hilari akiwa huko. Mimi wakati ule nilikuwa nimerudi kutoka Nzega, nilikoolewa. Miaka saba bila mtoto, mume akaoa mwingine, na huyo mwingine hakuwa mtu wa kugawana naye jiko. Baba alinipokea bila kuniuliza neno. Nikampikia, nikamfulia, na nyumba ile ya Ipuli ndiyo ikawa nyumba yangu pekee duniani.

Hilari aliporudi mwaka 1946 hakutusimulia vita. Alitusimulia Mmarekani. Alikuwa anapona malaria katika kambi moja karibu na Kalkata, na kwenye kambi hiyo kulikuwa na askari weusi wa Kimarekani, madereva wa malori. Mmoja wao alikuwa na gita. Siku moja yule mtu alikaa juu ya debe la petroli akaimba polepole, na Hilari, ambaye hakuelewa hata neno moja, nywele zikamsimama.

"Dada, yule mtu aliimba kama baba," aliniambia. "Anaita, halafu gita linamwitikia. Na sauti haikai pale Bruda alipotufundisha ikae. Inashuka kidogo chini yake, inakaa hapo kama inaumwa, ndipo inapanda."

Walielewana kwa Kiingereza cha kuokoteza na kwa mikono. Mmarekani akamweleza kwamba nyimbo zile hazikutoka shuleni. Babu zake waliuzwa, wakavushwa bahari, wakalimishwa pamba ya watu, na walipolima mmoja aliita na wengine wakaitikia, ili majembe yaende pamoja na siku iishe. Baadaye wakaziingiza kanisani. Utumwa ulipokwisha, tarumbeta za majeshi zikazagaa mijini, watu weusi wakazichukua, wakaanza kuwazika wafu wao kwa bendi: kwenda makaburini polepole, kurudi kwa kucheza. Humo ndimo jazi ilimokulia. Na wale waliobaki na gita tu, wakiimba habari za mke aliyeondoka na treni isiyorudi, wimbo wao ukaitwa bluzi, kwa rangi ya buluu, maana kwao hiyo ndiyo rangi ya moyo uliovunjika. Halafu vijana wao wakapanda treni kwenda miji ya kaskazini kutafuta kazi, wakaenda na nyimbo zao, na huko zikatiwa kwenye santuri.

Alinisimulia hayo mara nyingi mpaka nikayajua kama sala, na kila mara alimalizia vilevile. "Sisi tunayo yote hayo. Mizigo tumebeba, kanisa tunalo, tarumbeta za jeshi tunazo. Kwa nini tunapiga nyimbo za Wakuba?"

Maana ndizo walizokuwa wakipiga. Yeye na Tobias, fundi wa karakana ya reli aliyejua gita, pamoja na wapiga ngoma wawili, walikuwa wameanzisha Ipuli Jazi. Walisikiliza santuri za rumba kwenye gramafoni ya mwenye duka mmoja, wakazikariri, wakaziimba Jumapili alasiri katika ukumbi wa mjini kwa Kihispania ambacho Mhispania mwenyewe angehitaji mkalimani. Watu walicheza. Hilari alipiga huku amekunja uso.

Sasa nifike pale panaponiuma.

Baba alikuwa na wimbo mmoja. Hakuuimba nyumbani, hakuuimba ameketi, hakuuimba mbele ya mtu. Aliuimba akitembea kwenda shambani, jembe begani, juu ya ile sugu. Mimi niliujua kwa sababu ndiye niliyempelekea michembe ya viazi vikavu na karanga, na asubuhi nyingi nilikuwa nyuma yake hatua hamsini na kikapu changu, nikidhani hajui. Aliita jina: Lugembe. Aliliita kwa sauti ile inayoshuka na kukaa chini. Halafu alinyamaza hatua nane. Nilizihesabu. Akaita tena, Lugembe, akanyamaza hatua nane. Mara ya tatu vilevile. Ndipo yakaja maneno machache ya Kinyamwezi kwamba jua ni kali na maji yako mbele, na akaanza upya. Mama alipokuwa hai nilimuuliza Lugembe ni nani. Alisema, "Mambo ya barabarani hayo. Usiyaguse."

Mwaka 1948, mchana mmoja tukimenya karanga uani, Hilari akalalamika tena kuhusu Wakuba wake. Nikamwambia, "Mbona wimbo upo humu humu ndani?" Nikamwimbia. Nilijisikia mtu mkubwa, nasema kweli. Maishani mwangu hakuna aliyewahi kunihitaji kwa kitu ila chakula.

Aliacha karanga. Akaniambia nirudie. Nikarudia mara tatu, na zile hatua nane nikazipiga kwa mguu chini.

"Hapa katikati kuna nini?" akauliza.

"Hakuna kitu. Baba ananyamaza."

"Haiwezekani. Hapa pana kiitikio. Wimbo unangoja watu." Akasimama, akaanza kuzunguka ua. "Wazee wote wa Tabora wanajua. Wapagazi wakifika kambini nyampara anaita majina, na wenzake wa anayeitwa wanaitikia, 'Yupo.' Baba amezeeka, dada. Amesahau kiitikio."

Na mimi nikasema, ndiyo, bila shaka amesahau.

Walifanya mazoezi wiki tatu, mbali na nyumbani, ili baba asisikie kabla ya siku yake. Tobias aliutafutia gita linalokwenda kama mwendo wa watu waliobeba. Hilari angeita jina kwa sauti, kisha kwa tarumbeta, na ukumbi mzima ungeitikia. Kilichobaki kilikuwa kumfikisha baba ukumbini, na kazi hiyo nikaichukua mimi. Nilimsumbua siku nne. Nikamwambia mwanao amekutengenezea zawadi, amepona vita, mama hayupo, utakwenda kumsikia lini? Siku ya nne akasema, "Haya, lete koti." Lilikuwa koti la jeshi la Hilari, refu kwake kidogo mikononi. Alinawa uso mara mbili.

Ilikuwa Jumapili, saa tisa. Tulimweka baba kwenye kiti karibu na mlango, mikono juu ya magoti, ametulia kama yuko barazani kwa liwali. Walipiga rumba mbili na alisikiliza zote. Niliona hata kidole kimoja kikigonga goti. Hilari aliona pia, maana alinitazama kutoka jukwaani, na sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukifunguka namna ile.

Akasogea mbele akasema, "Wimbo huu ni wa baba yangu." Akaita, "Lugembe."

Tobias na wapiga ngoma wakaitikia, "Yupo." Akaita kwa tarumbeta, na sauti ikashuka ikakaa pale pale baba alipokuwa akiiweka. Safari hii ukumbi mzima ukaitikia, "Yupo," maana wimbo ulikuwa rahisi na watu wa Tabora hawahitaji kufundishwa kuitikia. Mara ya tatu walikuwa wamekwisha kunyanyua mikono, wanacheza, wanacheka, watu zaidi ya mia. Lugembe. Yupo. Lugembe. Yupo.

Baba akasimama. Mdomo wake ulikuwa wazi. Nikadhani anataka kucheza, Mungu anisamehe, nikaanza kumpigia makofi. Hilari naye akaona amesimama, akajua amefurahi, akarudia wimbo kutoka mwanzo, kisha akarudia tena, tarumbeta imeelekezwa mlangoni, kwake. Baba alisimama hapo mpaka mzunguko wa tatu. Kisha akageuka akatoka. Alikwenda kwa miguu mpaka Ipuli, peke yake, koti limefunguka.

Tulimkuta amekaa kwenye kigoda chake nje ya mlango. Koti alikuwa amelivua na kulikunja, ameliweka chini kando yake. Hilari alikuwa bado anahema kwa furaha. Akasema, "Shikamoo baba," akachuchumaa mbele yake.

Baba hakuitika marahaba. Akauliza, "Nani amekupa jina hilo?"

Nilikuwa nimeingia ndani kuchukua sufuria ya maharage na nimesimama mlangoni, sufuria mikononi. Ilikuwa ya moto. Hilari alinitazama mara moja, haraka, kisha akamtazama baba. Aliona uso wangu. Alikuwa ananijua tangu alipojua kitu chochote.

"Nilikusikia mwenyewe, baba," akasema. "Njiani."

Baba akakaa kimya muda mrefu. Sikuiweka sufuria chini na sikusema neno. Nilifikiri juu ya Nzega, na ya mke mwenzangu, na ya kwamba nikitolewa hapa sina mlango mwingine wa kubisha. Ndivyo nilivyofikiri. Sikumfikiria Hilari hata kidogo.

"Wimbo huo usiupige tena," baba akasema mwishowe. "Na hapa kwangu usilale tena."

"Baba, nimekosa nini? Niambie nikutake radhi."

Baba aliinua kigoda chake akaingia nacho ndani. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwa mwanawe.

Hilari alilala kwa Tobias siku mbili, kila asubuhi akija kusimama uani, na baba akipita bila kumwona. Jumanne akajiandikisha manamba, kwenda mashamba ya mkonge upande wa Kilosa. Tarumbeta alimwachia Tobias. Nilimsindikiza stesheni. Nilikuwa nimejiapiza usiku kucha kwamba nitamwambia arudi nyumbani, nitamweleza baba kila kitu mbele yake. Kabla sijafungua mdomo akanitangulia. "Usimwambie kwamba ni wewe, dada. Atakufukuza na wewe, na wewe huna pa kwenda. Mimi ni mwanamume, nitaishi popote."

Alinipa ruhusa ya kunyamaza, nikaipokea kwa mikono miwili.

Wimbo ule haukuondoka naye. Ipuli Jazi waliuacha kwa heshima, lakini ulikuwa umeshatoka mlangoni. Wafua nguo waliuimba, wapanda baiskeli waliuimba, bendi nyingine zikauchukua zikatia magita mawili na kuufanya wa haraka. Ukipita sokoni ungesikia mtu anaita Lugembe na muuza ndizi anamwitikia Yupo, basi tu, mchezo. Baba alianza kuzunguka mbali, nyuma ya nyumba za reli, ili asipite sokoni. Na njiani kwenda shambani hakuimba tena. Nilikuwa nyuma yake na kikapu changu, na nilisikia miguu yake tu.

Hilari aliandika kila mwezi, baadaye kila baada ya miezi mitatu. Barua zote zilikuwa na swali moja. Muulize baba nimekosa nini. Nimefikiri labda ni kwa kuwa nilikwenda vitani. Labda ni kwa kuwa mama alifariki sipo. Labda ni kwa kuwa nilisema mbele za watu kwamba wimbo ni wake. Nilimjibu avumilie, mzee atalegea. Nilikuwa na miaka thelathini na zaidi, nimesoma darasa la nne, najua kuandika neno "mimi", na sikuliandika. Miaka minne. Nilikuwa nakwenda kanisani, naungama dhambi zote za jikoni, na hiyo naiacha.

Mwaka 1952, wakati wa masika, baba akashikwa na kifua. Mchana mmoja mvua ikinyesha nilikuwa namkanda bega kwa kitambaa cha moto na mafuta ya nyonyo. Akaanza kusema mwenyewe, akiutazama ukuta.

"Lugembe alikuwa mdogo wangu. Mama yetu alinikabidhi mkononi. Alikuwa na miaka kumi na sita."

Nikaendelea kukanda, kwa kuogopa nikiacha ataacha.

"Ng'ambo ya Tura, kwenye nyika ya Mgunda Mkali. Maji hakuna siku tatu. Miguu yake ikavimba, siku ya pili akakaa chini ya mti wa miiba. Nyampara akasema atatufuata jua likipungua. Jioni tukafika kambini, majina yakaitwa. Sheria yetu wapagazi ilikuwa hivi. Mtu asiyeonekana akiitwa, ndugu yake akiitikia 'Yupo', mzigo wake haugawanywi, na aliyeitikia anarudi kumchukua, kwa maji yake mwenyewe. Akiitwa mara tatu pasipo mtu wa kuitikia, si mtu wa msafara tena."

"Wakamwita mara tatu, baba?"

"Mara tatu. Kibuyu changu kilikuwa na maji nusu. Nikasema moyoni, labda mwingine ataitikia. Wote wakanitazama mimi. Mimi nikatazama chini." Akakohoa, nikamnywesha maji. "Wakagawa nta yake. Fungu langu nilibeba mpaka Bagamoyo. Niliporudi nilimwambia mama amefia mikononi mwangu."

Mvua ilikuwa inapiga bati, ikabidi nimwinamie ili nisikie yaliyofuata.

"Kila asubuhi namwita. Naona labda leo nitaitikia. Siwezi, neno halitoki. Halafu siku ile ukumbini watu wote wakaitikia, wanacheka. Watu wasiomjua. Nikaona kumbe lilikuwa neno jepesi hivyo. Sikuweza kumtazama Hilari usoni tena. Nikimtazama nawaona wale watu."

Hapo ndipo nilipolisema, nikiwa nimechelewa miaka minne. Nilisema, "Baba, jina nilimpa mimi. Na wimbo nilimfundisha mimi."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile. Hilari hakuwahi kuamka mapema kiasi cha kunifuata shambani. Aliyekuwa nyuma yangu ni wewe na kikapu chako."

"Sasa kwa nini hukuniuliza, baba?"

"Niliuliza," akasema. "Ulikuwa umesimama pale na sufuria. Niliuliza, nikangoja."

Nililia mpaka kitambaa kikapoa mkononi mwangu. Hakunigombeza. Alinyoosha mkono akashika kichwa changu, kisha akasema, "Nilimkosea kijana. Mwite aje. Nataka anipigie wimbo, lakini pale katikati apaache kama nilivyokuwa nikipaacha."

Nilikwenda stesheni na mvua ile ile nikapiga telegramu. Sikujua kwamba Hilari alikuwa amehamishwa shamba la pili, na telegramu ikakaa kwa karani wa shamba la kwanza siku sita. Baba alijua siku za treni za kutoka mashariki. Kila ikipiga honi aliniambia nimwinue kidogo kitandani, akatazama mlango. Treni tatu zikapita hivyo. Alifariki Alhamisi, mchana, nikiwa nachota maji, na Ijumaa tukamzika.

Hilari alishuka Jumamosi, nami nilikuwa stesheni nikimngoja. Alikuwa amekonda, shingo imekauka, na amejifunga kitambaa mdomoni, nikadhani ni vumbi la safari. Aliniamkia, "Shikamoo dada," na akanisoma usoni akajua, hakuuliza kama baba yupo. Akauliza tu, "Lini?" Nikamwambia.

Tukatembea. Nilikuwa nimeamua sitafika nyumbani nikiwa nimebeba kitu kile, basi nikamweleza yote njiani, tangu Mgunda Mkali mpaka sufuria ya maharage. Sikujitetea. Nilipofika kwenye neno "niliuliza, nikangoja" nikasimama. Yeye pia akasimama.

"Alisema nije?" akauliza. "Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake. Kila treni aliniambia nimwinue."

Aliweka sanduku lake la mbao kando ya njia, akakaa juu yake, akalia. Watu walipita wakatupa pole ya msiba, akawaitikia kila mmoja, asante, asante, huku analia. Nilitafuta la kumfariji, nikaona nimepata. Nikamwambia tarumbeta yake ipo, Tobias ameitunza, anaipaka mafuta kila mwezi. Kesho tutakwenda makaburini umpigie pale pale, na pale katikati upaache alivyotaka.

Hilari akafungua kitambaa. Meno ya mbele hayakuwepo, ya juu wala ya chini, na mdomo wa juu ulikuwa umeshonwa vibaya, umevutwa upande. Mpini wa toroli la mkonge, alisema. Mwaka wa pili kule. Hakutaka kuniandikia nisije nikahuzunika. Hata debe halipigiki kwa mdomo ule, sembuse tarumbeta.

Nilipiga magoti kwenye tope. Nikamwambia anitukane, anipige, afanye lolote, maana kama ningefungua mdomo jioni ile mlangoni asingekwenda Kilosa, na meno yake yangekuwa kinywani, na baba angemsikia.

Akanishika mkono akaniinua.

"Nikutukane nini, dada?" akasema. "Tumebaki wawili."